Nani aseme "simama" ndege ikiwa mbioni?
Tarehe 13 Januari 1982, theluji ikianguka Washington, ndege ya Air Florida, Boeing 737, ilianza kukimbia ili iruke. Aliyekuwa akiirusha ni rubani msaidizi. Kizuia barafu cha injini hakikuwashwa, vihisi vikaganda, na vipimo vikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwepo. Msaidizi alihisi kasoro. Kinasa sauti kilimnasa akisema hii si sawa. Kapteni akamjibu kwamba iko sawa, mwendo umefika 80 (maili za baharini kwa saa). Msaidizi akarudia kuwa hadhani iko sawa, kisha akalegea: labda iko sawa. Ndege iligonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa darajani.

Wachunguzi walimlaumu kapteni kwa kutosimamisha ndege mapema. Hata hivyo, hadi leo mashirika mengi yanamwachia kapteni peke yake uamuzi huo. Mwenzake hutaja tu anachokiona. Mengine humruhusu rubani yeyote kuita "simama".

Wanaotetea kapteni wana hoja nzito. Ikishapita kasi iitwayo V1, ndege huenda isipate tena nafasi ya kusimama, na watu wawili wakivutana pale ni hatari tupu. Mwaka 2017, huko Michigan, kapteni wa ndege aina ya MD-83 alisitisha kuruka baada ya V1 kwa kuwa pua ilikataa kuinuka. Mkufunzi aliyeketi kando yake alipinga kwa mdomo, lakini hakumnyang'anya usukani. Ndege ilipitiliza mwisho wa njia, na wote 116 wakapona. Baadaye ilibainika kibao cha mkiani kinachoinua pua kilikuwa kimekwama. Fikiria kama wangegombania usukani!

Lakini hoja hiyo ni ya kasi kubwa. Chini ya maili 80 za baharini kwa saa, kusimama bure kunagharimu breki kupata moto, ratiba kuvurugika na abiria kununa. Nakubali kwamba hasara hiyo ipo, na msaidizi mgeni anaweza kuona kasoro isiyokuwepo. Bado siioni sababu ya kumfanya aombe ridhaa. Hapo neno lake lifundishwe kuwa amri, tena neno moja lisilo na "labda" ndani yake, na kapteni akilisikia apunguze nguvu za injini na kufunga breki papo hapo. Maelezo yatolewe ndege ikiwa imeshasimama.