Ploti ya Kilifi, mnunuzi wa Nairobi

Ukishuka matatu barabara ya Tom Mboya, Nairobi, siku ya Jumamosi, hufiki mbali kabla hujatiwa karatasi mkononi: ploti Kilifi, huko pwani, futi hamsini kwa mia, hati tayari, lipa polepole. Nilimwuliza kijana anayezigawa kama amewahi kufika huko. Akacheka.

Tangu treni ya SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ianze kubeba abiria mwaka 2017, Mombasa ni safari ya saa tano hivi, na pwani imeingia kwenye hesabu za mfanyakazi wa Nairobi. Ananunua pa kujenga akistaafu, au nyumba ya kupangisha wageni kwa usiku. Wapwani wanalalamika kwamba watu wa bara wanapandisha bei hadi mwenyeji ashindwe kupanga kwao. Si uongo. Nyumba ya Nyali, mtaa wa Mombasa, ikigeuzwa ya wageni wa wikendi, mwalimu aliyekuwa akiilipia kwa mwezi huambiwa atafute kwingine.

Wapo wanaotaka watu wa bara wazuiwe kabisa. Hapo siwafuati. Katiba ya 2010, ibara ya 40, inampa kila raia haki ya kumiliki mali popote Kenya. Tena anayeuza mara nyingi ni familia ya huko huko, yenye minazi isiyolipa na mtoto anayengoja karo ya chuo. Kumwambia asiuze ni rahisi kwa asiyedaiwa. Na nyumba ikianza kujengwa, fundi, msusi wa makuti na mama wa mahamri wote wanapata riziki.

Kinachowatenga watu hasa, naona, ni hati. Nenda Majengo, Mombasa, uone ile wanayoita nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, udongo ni wa mtu mwingine, naye unamlipa kodi ya ardhi. Sheria ya ardhi ya 1908 ilichangia sana. Iliwataka watu wa ukanda wa pwani waandikishe madai yao. Wachache wakatoka na hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Leo bei ikipanda, mwenye udongo hutajirika. Mwenye kuta hukosa usingizi, maana benki haimkopeshi, na akiambiwa ahame hawezi kubeba ukuta.

Serikali inajibu kwa nyumba za bei nafuu, ambazo mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kuzigharamia na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Nazikubali, mwalimu wetu wa Nyali huenda akapata moja. Ila ghorofa mpya haimpi mzee wa Majengo haki juu ya udongo anaoukalia, na hilo halijengwi kwa saruji.

Ile karatasi bado ninayo. Imetaja bei, ukubwa na umbali kutoka baharini. Niliigeuza nione kama imemtaja anayelima pale sasa. Nyuma kulikuwa na ramani na nambari ya simu.