Noti chafu za 1915 zina thamani kuliko safi

Kwenye minada ya noti za kale, rupia moja ya karatasi iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1915 hupanda bei kadiri ilivyo safi. Isiwe na mkunjo, isiwe na doa. Kwa noti hizi, naona wakusanyaji tumelishika jambo kichwa chini miguu juu.

Noti zenyewe zilizaliwa na shida. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliagiza noti zake Leipzig, kwa wachapaji Giesecke & Devrient, karatasi nzuri yenye michoro ya simba na bandari. Vita vikaja, manowari za Waingereza zikafunga pwani. Noti mpya haziingii, na rupia za fedha nazo zikaadimika sokoni, kwa kuwa aliyekuwa nazo alizificha. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani bado ilikuwa na askari wa kuwalipa na chakula cha kununua. Ndipo kuanzia Machi 1915 noti za muda zikachapwa hapa hapa nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana.

Itazame moja kwa karibu. Haina simba wala bandari. Ni maandishi ya Kijerumani, namba na sahihi mbili, ambazo kwenye baadhi ya noti zimetiwa kwa mkono. Maandishi yanaahidi kwamba benki italipa kwenye ofisi zake ndani ya koloni, bila hata kumtaka mletaji athibitishe yeye ni nani. Septemba 1916 Dar es Salaam ikatekwa na Waingereza, na mwezi huo huo Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Mtu aliyekuwa na noti yake mfukoni angeipeleka ofisi ipi?

Hata hivyo uchapaji haukukoma. Mwaka 1917, jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likirudi nyuma kuelekea kusini, zilitoka noti zilizopigwa kwa herufi za mpira. Wakusanyaji wa Ujerumani huziita noti za porini na huzitafuta sana. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916, ndiyo inayosifiwa zaidi, na ni nzuri kweli. Lakini dhahabu hubaki dhahabu hata serikali ikianguka. Karatasi ndiyo iliyowaachia watu hasara.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Huko Ujerumani, miaka ya 1921 na 1922, miji mingi ilichapa noti za dharura za rangi za kupendeza kwa ajili ya wakusanyaji, na nyingi hazikuwahi kununua hata mkate. Noti ya namna hiyo ikiwa safi, ni sawa, ndivyo ilivyokusudiwa. Noti ya Dar es Salaam haikuchapwa kwa ajili ya albamu. Ile isiyo na mkunjo huenda haikumfikia mkulima wala askari yeyote. Ile iliyolainika kama kitambaa, yenye alama za vidole na mkunjo wa mara nne, ilifungwa kwenye pindo la nguo na mtu aliyetoa mtama au jasho lake akapewa hiyo. Majeshi yalipomaliza kukomba chakula na wanaume Ugogo, eneo la Dodoma, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Katalogi zinatuambia aina ya karatasi, herufi ya toleo na tofauti za sahihi. Kuhusu aliyeishika, kimya.

Rupia moja za matoleo ya kawaida bado si ghali sana, kwani zilichapwa nyingi. Makumbusho zetu na shule zinaweza kuwa nazo. Na kama kwenu iko moja kwenye sanduku la babu, tafadhali usiioshe, usiipige pasi, usiitie gundi ya plastiki. Ipige picha pande zote mbili, kisha muulize mkubwa wa ukoo ilimfikiaje babu, alikuwa mpagazi, askari au mkulima, na uandike jibu lake pamoja na jina la kijiji.