Hela Haijalala

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha kikundi chetu cha uwekezaji huku Kiboriloni, Moshi, tulimwondoa binti aliyekuwa mwekahazina wetu, aliyetutunzia hisa zetu za kampuni kwa miaka sita. Hakuiba hata senti. Hesabu zilisomwa, zikakubaliwa, risiti zote zilikuwepo. Kosa lake, kwa maneno ya baba mdogo aliyeleta ajenda ile, ni kwamba "hela imelala". Kikundi cha jirani kimeweka pesa mahali, ndani ya miezi miwili kikarudishiwa pesa yake na theluthi juu. Sisi mwaka mzima tumepata gawio tu, yaani ile sehemu ya faida kampuni inayowagawia wenye hisa; bei ya hisa haijasogea.

"Baba mdogo, hela haijalala," binti alijibu. "Iliyosimama ni bei. Faida ya kampuni imepanda, huu mwaka wa tatu."

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Mikono ikanyooshwa, 18 kwa 7. Mimi nilikuwa kwenye wale 7, na leo ni siku ya nne hasira haijaniisha.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, kwa hiyo niliiona kaunta buku yake vizuri. Kila kampuni ina kurasa zake. Safu ya kwanza mwaka, ya pili faida kwa kila hisa, ya tatu gawio, ya nne mali za kampuni ukishatoa madeni na kugawa kwa idadi ya hisa. Bei ya sokoni iko safu ya mwisho, na hiyo peke yake imeandikwa kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini penseli. Akasema bei ya leo kesho nitaifuta, lakini haya mengine yameshatokea.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unatafuta kitu kinachouzwa chini ya thamani yake, unaacha nafasi ya kutosha ili hata ukikosea hesabu usizame, halafu unasubiri. Si lazima uwe na shahada ukutani. Walter Schloss hakusoma chuo kikuu. Alianza kama tarishi Wall Street, mtaa wa biashara ya hisa kule New York, mwaka 1934, akasoma masomo ya jioni kwa Benjamin Graham, mwalimu wa uwekezaji wa namna hii, akaja kuajiriwa naye, na mwaka 1955 akafungua mfuko wake wa kuwekeza pesa za wateja. Aliuendesha zaidi ya miaka 40, miaka mingi akiwa na mwanawe tu, wakisoma taarifa za fedha za kampuni ambazo wengine wamezipa mgongo. Hakutoza ada ya kutunza pesa. Alichukua fungu la faida, na pasipo faida hakuchukua kitu. Na huyo Graham mwenyewe aliumia vibaya kwenye anguko la 1929 na miaka iliyofuata, akafanya kazi miaka kadhaa bila malipo mpaka alipofidia hasara ya wateja wake.

Lakini meneja wa namna hii mara nyingi haangushwi na hesabu. Anaangushwa na sisi wenye pesa, na hapa ndipo ninapoomba wanakikundi wenzangu wanisikilize.

Mwaka 1999 hisa za Berkshire Hathaway, kampuni ya mwekezaji Warren Buffett, naye mwanafunzi wa Graham, zilishuka karibu asilimia 20, wakati soko la Marekani lilipanda kwa kiasi hichohicho. Watu wakasema Buffett kapitwa na wakati, haelewi mambo ya intaneti. Yeye aliweza kusubiri, maana Berkshire ni kampuni: anayekata tamaa anamuuzia hisa mtu mwingine, na pesa inabaki ndani. Meneja wa mfuko hana ukuta huo. Julian Robertson, aliyeendesha mifuko ya Tiger Management kule Marekani, naye alikataa kununua kampuni za intaneti kwa bei zile. Wateja wakatoa pesa zao, mabilioni ya dola. Alikuwa na makosa yake mengine, hilo linajulikana. Lakini alitangaza kufunga mifuko yake Machi 2000, na ni Machi hiyohiyo Nasdaq, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilifika kileleni na kuanza kuporomoka. Kwa hesabu ya intaneti alikuwa sahihi, na bado alifunga duka. Angepewa mwaka mmoja tu! Kila nikiukumbuka ule mkono wa baba mdogo unavyonyooka, namkumbuka Robertson.

Hata hapa kwetu tumeyaona. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Zilipanda, baadaye zikashuka hata chini ya bei hiyo ya mwanzo, kisha zikapanda mara kadhaa yake. Waliouza kule chini walikuwa watu wazima wenye akili zao. Walichoka tu.

Na sisi wa Kilimanjaro kuchoka ni jambo la kuniuma zaidi. Mwaka 2001 kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Majirani waling'oa mibuni, wakapanda nyanya na mahindi. Mama alikataa, na haukuwa ukaidi. Alisema miti hii nilishailipia, iko chini ya migomba haininyimi chakula, palizi naifanya mwenyewe. Niing'oe ya nini? Februari 2025 bei ileile ilipita dola 4. Makato ni mengi kabla pesa haijamfikia mkulima, najua, lakini yeye miti alikuwa nayo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila cha bei rahisi kina thamani. Kuna kampuni bei yake iko chini kwa sababu inakufa. Soko letu la Dar es Salaam ni dogo, unaweza kutaka kuuza ukakosa mnunuzi kwa wiki. Na wapo mameneja wavivu wanaojificha nyuma ya neno subira. Basi binti tungemwambia afungue kaunta buku, atuonyeshe safu ya pili na ya nne, tuulize maswali magumu mpaka jua lizame nyuma ya migomba. Hatukuuliza hata moja.

Binti alipomaliza kukabidhi alimpa mwenyekiti funguo za kasha, mhuri na kaunta buku. Penseli ilikuwa bado imechomekwa katikati ya kurasa. Mwenyekiti akaviweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vikombe.

Jana nilikwenda kuiomba ile kaunta buku, nikapewa. Gawio la mwaka huu linalipwa kabla ya kikao kijacho. Nimeshaandika barua kuomba ajenda irudishwe mezani, na nimemwomba binti aje akae pale pembeni yangu.