Mabawa ya Mary

Picha ya "Angel" ya Mmarekani Abbott Thayer, iliyopo kwenye jumba la sanaa la Smithsonian mjini Washington, husifiwa kuwa picha ya usafi wa mtoto. Nguo nyeupe, mabawa meupe, basi, watu wameridhika. Naona wanaharakisha. Anza na uso.

Huyo ni Mary, binti mkubwa wa mchoraji, akiwa na miaka kama 11 picha ilipochorwa mwaka 1887. Ametukabili moja kwa moja, nywele nyeusi, ngozi imepauka, midomo imefumbwa. Hatabasamu. Macho yake makubwa hayakuombi chochote, na ndani yake mimi naona uchovu wa mtoto aliyeambiwa asimame asitikisike. Ziba mabawa kwa viganja vyako: anabaki msichana mwenye mawazo yake, na wala hana habari ya utakatifu wowote.

Basi mabawa ni ya nani? Kwa maoni yangu, ni ya baba. Thayer alipenda ndege tangu utotoni, na mwenyewe alikiri kwamba mapenzi hayo yalichangia kumfanya achore mabawa. Alitaka pia kuwainua watu wake juu ya mambo ya kila siku, asilazimike kueleza wanafanya nini. Maelezo hayo nayakubali, ila hayanitoshi. Miaka michache kabla, yeye na mkewe Kate walikuwa wamezika watoto wawili wa kiume, wadogo kabisa. Baba aliyepitia msiba huo akimvika mabawa binti aliye hai, siwezi kuyaita pambo. Zama zile mtoto aliyefariki ndiye aliyezoeleka kuitwa malaika (hata kwetu mfiwa hufarijiwa hivyohivyo). Mary amevishwa vazi la wale waliokwisha kwenda, naye yupo, anapumua. Hiyo ndiyo hofu ninayoiona mle.

Kate alifariki mwaka 1891. Muda mfupi baadaye Thayer alichora "A Virgin": Mary yuko katikati, amewashika mikono wadogo zake wawili, anapiga hatua kuja mbele. Mabawa hayapo tena. Mawingu meupe yametanda nyuma ya mabega yake, mahali pa mabawa. Wengi huipenda zaidi ile ya kwanza. Mimi nachagua hii, kwa sababu humu Mary anatembea na ana watu wa kuwaongoza.