Siku Niliyomkatia Daktari Umeme

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kutuma katika kundi la ukoo ujumbe wa sauti wa dakika 4, na kwa kuwa tangu alfajiri ndugu wa Morogoro na wa Muscat wananiuliza kama ni kweli kwamba jana niliipigia magoti mashine ya mchezo, nimeona ni heri nieleze mwenyewe kabla habari haijaota mkia mwingine. Sikupiga magoti. Nilitambaa.

Ukumbi wa michezo alikonipeleka shemeji uko pembezoni mwa Chicago, mji ambao kampuni zake za Gottlieb, Bally na Williams ndizo zilizoijaza dunia mashine za pinboli, ule mchezo wa gololi ya chuma chini ya kioo, na ndani ya ukumbi zimepangwa mashine za zamani ubavu kwa ubavu kama vitanda vya wodini. Shemeji aliniongoza moja kwa moja hadi kwenye ile iitwayo Dr. Dude, iliyotolewa na Bally mwaka 1990. Hadithi yake ni ya mwanasayansi mwenye wazimu aliyebuni mtambo wa mionzi wa kumgeuza mshamba kuwa mjanja. Mchezaji huipiga gololi hadi akusanye mambo matatu, yaani moyo wa muziki wa rock, haiba ya sumaku (na sumaku ipo kweli, huinasa gololi ikaganda) na kipawa cha maneno, ndipo mionzi imfanyie kazi. "Nimekuletea tiba," akasema shemeji, kisha akaenda kununua soda.

Mnaonifuatilia hapa kwa ajili ya mapishi ya pilau, nivumilieni, leo hakuna pilau.

Nilijiambia kwamba mtu aliyewahi kuwafilisi watoto wa mtaa mzima chini ya mwembe hawezi kushindwa na gololi moja ya chuma, yenye uzito wa gramu 80 hivi, iliyofungiwa chini ya kioo. Meza imeinamishwa kuelekea kwa mchezaji, na vibao viwili vidogo, vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni, ndivyo vya kuirudisha gololi juu isije ikadondoka katika mwanya ulio kati yao. Kwa sekunde kama 30 nilikuwa mjanja.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu ndipo shemeji alipopachika ya kwake. Gololi ilishuka katikati kabisa, mahali ambapo kibao cha kulia hakifiki na cha kushoto hakifiki. Niliishika mashine kiunoni, kama mtu anayemtoa mbuzi wa jirani shambani, nikaisukuma kwa paja. Papo hapo muziki ukakatika, vibao vikalegea, na gololi ikapita mbele ya macho yangu bila haraka yoyote, ikatumbukia. Juu likatokea neno moja, TILT, ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kuinama, lakini mimi nililisoma kama tangazo la msiba. Nikabonyeza vitufe, kimya. Mashine iliyodumu tangu mwaka 1990 ilikuwa imenifia mikononi, na sababu ya kifo ilikuwa paja langu.

Nyumbani kwetu dawa ya kifaa chochote kilichogoma, iwe redio, friji au televisheni, ni moja tu: chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka. Sikumngoja shemeji, wala mhudumu, wala akili yangu. Nilijipenyeza chini ya mashine, katikati ya miguu yake minne, nikakuta vumbi, karanga moja ya kale na waya zilizosokotana kama utumbo. Nilichagua ule mnene kuliko zote, kwa hoja kwamba daktari hawezi kupewa waya mwembamba, nikauvuta kwa nguvu.

Haukuwa waya wa daktari. Ulikuwa wa ekstensheni iliyolisha safu nzima.

Mashine tano zilinyamaza kwa pamoja. Ukimya ule nimewahi kuusikia mara moja tu maishani, siku mita ya umeme wa kulipia kabla ilipokata fainali ikiwa dakika ya 89, na nadhani ndiyo maana mdomo wangu, kabla ya kuniomba ruhusa, ulipaza sauti kutoka chini ya mashine, kwa Kiswahili fasaha, katika jimbo la Illinois: "Luku imeisha!"

Nikaona viatu. Kwanza raba nyeupe za kike zikageuka kunitazama. Kisha buti za mhudumu zikaja mbio na kusimama karibu na sikio langu. Mwisho zikaja ndala za shemeji, na kando yake soda ikawa inadondoka tone moja moja, kwa sababu mshikaji wake alikuwa akitetemeka kwa kicheko. Nilijaribu kuinuka kwa heshima, nikakigonga kichwa kwenye tumbo la mashine, nikatoka kinyumenyume, matako yakitangulia. Mwenye raba alikuwa mama wa umri wa bibi yangu. Kitu cha kwanza kilichonitoka, nikiwa bado sakafuni, kilikuwa "Shikamoo." Hakuitikia marahaba. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliochoma, kwamba alikuwa kwenye gololi ya mwisho ya mchezo wake bora kuliko yote tangu aanze kuja pale.

Yaliyobaki ni mafupi. Mhudumu alirudisha umeme, akanieleza kwamba ndani ya mashine kuna timazi inayoning'inia katikati ya pete ya chuma, na kwamba ukiitikisa kupita kiasi timazi hugusa pete, saketi hukamilika, na mashine hukunyima gololi hiyo kwa utovu wa adabu. Mchezo una gololi tatu. Kama ningebaki nimesimama sekunde chache tu, daktari angenipa ya pili. Shemeji naye akaongeza kwamba meya La Guardia wa New York, mji uliozipiga marufuku mashine hizi mwaka 1942 hadi 1976, alihitaji nyundo kuziangamiza, ilhali mimi nimeua tano kwa mkono mtupu. Nilimlipia yule mama michezo mitano. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali.

Kuhusu Luku, ndugu zangu, hilo siwezi kulikanusha.

Tuliendelea kucheza hadi saa tatu usiku, mimi mikono ikiwa juu ya vitufe na paja likiwa mbali. Yule mama alipokuwa akiondoka alipita nyuma yangu, akainama kuutazama ukuta kuhakikisha kwamba plagi ipo mahali pake, ndipo akaniaga.