Mbili ya Hamsini

Kijana wangu wa darasa la tano kaja na karatasi ya hisabati. Kapata mbili. Mbili ya hamsini, tena mwalimu kaizungushia duara jekundu, utadhani ingetoroka. Nikapandisha sauti hadi wapangaji wote wakachungulia. Yeye akanitazama tu: "Baba, si Taifa Stars walipata pointi mbili wakavuka?"

Nikakaa juu ya ndoo.

Nimjibu nini? Kweli AFCON ya Morocco, Kombe la Mataifa ya Afrika, sisi Tanzania tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare na Uganda, tukatoka sare na Tunisia, na kwa pointi hizo mbili tukaingia 16 bora. Mara ya kwanza tangu tuanze kucheza mpira! Na nani usiku ule alikimbia mtaa mzima na sufuria la mama watoto akiligonga kwa mwiko? Mimi. Mbele ya mtoto huyo huyo. Wenyeji walipotutoa kwa bao moja nikasema kwa wale bao moja ni heshima.

Msinicheke. Aliyelelewa na Stars hushiba kwa harufu. Marehemu baba aliisimulia Nigeria 1980, fainali zetu za kwanza, mpaka anaingia kaburini. Tulifungwa na wenyeji 3-1, Misri 2-1, tukapata sare na Ivory Coast. Vipigo alikuwa anavipita haraka haraka. Ile sare sasa! Ilikuwa inachukua jioni nzima, na kahawa anaongezewa.

Baada ya hapo, miaka 39 ya kutazama wenzetu. Mzee Mwinyi akasema soka letu ni kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa. Mimi kwa kazi ni kinyozi, kwa hiyo neno lile liliniuma kuliko watu wengine. Na sijawahi kumnyoa mtu kama Algeria walivyotunyoa 2015: saba bila! Hata wembe hawakubadilisha.

Tukarudi 2019 kule Misri. Kenya tuliwatangulia mara mbili, narudia, mara mbili, wakatufunga 3-2. Jumlisha fainali zote nne: mechi 13, sare tano, ushindi hakuna. Halafu nashangaa mtoto katoa wapi hesabu zake.

Na kibandani kwangu ndiyo balaa. Mimi Simba. Novemba 2024 Msuva anaifunga Guinea uwanjani kwa Mkapa, bao la kutupeleka Morocco, nami nina mteja kitini, Yanga wa kufa. Akaruka: "Huyo tumemlea sisi!" Mashine ikapita kutoka paji hadi kisogoni, barabara ya mwendokasi kabisa. Nilimrudishia hela yake, na bado anadai Msuva ni wao. Samatta akifunga namwambia huyo katokea Msimbazi, kwetu Simba, ananuna wiki. Nchi moja, jezi moja, lakini bao lina wazazi wawili wanaogombania matunzo.

Sasa mwalimu kaniita shuleni kesho saa mbili. Nimeulizia, naye ni mtu wa Stars, alikuwepo kwa Mkapa siku ya Guinea. Jezi nimeshaifua, iko kwenye kamba. Mama watoto anasema niende na daftari la mtoto. Daftari la nini tena? Nitamwomba anihesabie na sare.