Mafuta Yamegoma Utosini

Leo ni wiki ya sita sijagusa shampuu. Nimekaa sakafuni, kichwa kimegawanywa mafungu manane, na kila fungu limebanwa kwa kibanio cha kuanikia nguo, maana vibanio vya nywele binti yangu amevificha. Ukiniona hivi usicheke. Au cheka tu, mke wangu amecheka mpaka usingizi ukamchukua.

Mambo yalianza na uvivu, sitawadanganya. Nilianza kufuga nywele kwa sababu nilichoka kukaa foleni kwa kinyozi nikisikiliza watu wazima wanagombania penalti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipiga. Nikasema acha zikue. Zikakua. Zangu ni kipilipili hasa, zile ambazo ukivuta unywele mmoja unafika begani, ukiuachia unaruka juu kama waya wa simu ya mezani. Nimefuga miaka mitatu, mtu akiniona anafikiri nina miezi sita. Hiyo ni dhuluma ya kwanza, na sina pa kuipeleka.

Sasa, kazini kuna dada mmoja mwenye nywele zilizonyooka mpaka kiunoni, zinang'aa utadhani zimepigwa vanishi. Siku moja nikawa namlalamikia kwamba kuosha kichwa changu kunanimalizia Jumapili: kufumua, kulowesha, kupaka, kusuuza, kuchambua, kukausha, kusuka upya, na kutafuta taulo nililokuwa nimelishika sasa hivi. Akanitazama kwa huruma. "Kaka," akasema, "mimi shampuu niliacha, mwaka wa pili huu. Kichwa kinatoa mafuta yake chenyewe. Unayashusha kwa brashi mpaka kwenye ncha, basi."

Hilo "basi" ndilo lililoniponza. Mtu akikueleza kazi akamalizia na "basi", wewe kimbia.

Mafuta yapo, sibishi. Kila unywele una tezi yake ya mafuta pembeni, chini ya ngozi, na kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Hesabu mwenyewe. Nina viwanda 100,000 hapa juu, vinazalisha mchana na usiku, havijui likizo wala mgomo, na mimi mwenye mali nina ncha kavu kama ufagio wa uani. Utosi unachuruzika, ncha zinakatika. Nimekuwa kama mtu aliyejenga ng'ambo ya bomba la maji, anayasikia yakipita na ndoo yake tupu.

Kinachonishinda ni usafiri. Kwa yule dada, mafuta yakitoka kwenye ngozi yanakuta barabara iliyonyooka, yanateremka yenyewe huku yanaimba. Kwangu yakitoka yanakuta kona. Yakimaliza kona yanakuta kona. Kwenye kona ya nne yanaulizana kama kuna mtu anayeijua njia, kisha yanarudi nyumbani kukaa. Na wala si safari ya leo na kesho. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ncha zangu zilichomoza kabla kitindamimba wangu hajazaliwa. Mtoto sasa anavaa viatu mwenyewe, japo vya miguu isiyo yake. Ncha ina umri huo wote, imekaa kule mwisho inangoja mafuta yaliyotoka leo asubuhi.

Brashi nilinunua. Ya singa za nguruwe mwitu, ndiyo inayosifiwa kwa kazi hii kwa sababu singa zinayashika mafuta zinayabeba. Kwa dada yule zinabeba kweli. Kwangu ilipita juu juu kama mtu anayepiga nyasi pasi. Chini yake hakuna kilichojua kwamba brashi imepita.

Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Mtu akinisalimia, kabla sijaitikia nishamweleza kwamba sitegemei tena chupa. Wiki ya pili kioo cha simu kikaanza kuteleza. Nikijikuna kidogo tu kisha nikagusa simu, inampigia mtu niliyemblock tangu mwaka jana. Foronya yangu ikapata ramani, tena ramani yenye visiwa. Mke wangu hakusema neno. Alichukua taulo kuukuu akalitandika upande wangu wa mto, vile fundi anavyotandika gunia chini ya injini inayovuja.

Nikarudi kwa mshauri wangu. "Vumilia kaka, kichwa bado hakijazoea. Kikishajua kwamba huoshi, kitapunguza chenyewe."

Nikavumilia. Nilikuwa naamka asubuhi, najishika utosi kama mtu anayempima mtoto homa, kuona kama habari zimefika. Wiki ya nne ndiyo nikapata akili ya kusoma. Kumbe tezi hizi zinaongozwa na homoni, hasa zile za kundi la androjeni, ndizo wanazoziita homoni za kiume, ndiyo maana kijana akibalehe anaanza kung'aa uso bila kuulizwa. Tezi haina dirisha. Haichungulii nje ikasema, "Leo hajaosha huyu, tupunguze." Mwezi mzima nimewasubiri wafanyakazi wabadilishe kazi kumbe bosi wao si mimi!

Basi nikaona nitumie maji peke yake. Hapo nikakutana na ugomvi wa zamani kuliko mimi: maji na mafuta hawasalimiani. Kazi ya shampuu ni ushenga. Ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta, inamshika huyu mkono na yule mkono, wanatoka pamoja mpaka kwenye bomba la maji machafu. Mimi mshenga nimemfukuza, halafu nakaa bafuni nashangaa mbona posa haijibiwi. Maji ya moto kiasi yanasaidia kidogo, mafuta yanalainika, ukikanda kwa vidole yanasogea. Ya baridi usijaribu. Niliyajaribu siku tuliyokatikiwa umeme, mafuta yakakaza, nikatoka bafuni na kichwa kama kimepakwa nta ya viatu.

Katika kukanda huko, mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Salma, utaosha lini kwa shampuu?"

Nilikuwa nimeisubiri hiyo siku nyingi. Nikamwambia hili ninalofanya ndilo shampuu yenyewe. Neno limetoka Kihindi, champo, kwa maana ya kanda, bonyeza. Kuna bwana aliyetoka India, Sake Dean Mahomed, karne ya 19 alifungua nyumba ya bafu pale Brighton, Uingereza, akawa anawapiga watu "shampuu" kutwa nzima, na shampuu hiyo ilikuwa kukanda mwili. Akapewa mpaka cheo cha mkandaji wa Mfalme George IV. Mambo ya sabuni ya nywele yalidandia lile jina baadaye. Kwa hiyo, nikamwambia huku povu linanitoka mdomoni maana kichwani halikuwepo, mimi ndiye ninayepiga shampuu humu ndani, nyinyi mnaoga sabuni.

Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Na huyo Mahomed wako, hao watu alikuwa anawakanda hivihivi tu?"

Nikasema hapana, kwanza aliwaweka kwenye mvuke wenye dawa za mitishamba.

"Enhee," akasema. "Kwa hiyo walifukizwa kwanza." Akaondoka.

Sina ugomvi na mke wangu, lakini kuna wakati natamani angekuwa anasahau mambo kama mimi.

Wiki ya tano nikafanya kosa ambalo nisingependa lifike kwa wazazi wangu. Nilisikia kwamba wanaoacha shampuu huosha kwa bikaboneti ya soda, wakasuuza kwa siki. Nikakoroga bikaboneti kikombe kizima, maana mimi nikifanya jambo silifanyi nusu. Sasa, unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ngozi ya kichwa inapenda uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, ni kama 5.5. Bikaboneti inapita 8. Ukiimwaga pale, vigae vinanyanyuka, na vikinyanyuka kila unywele unamshika jirani yake shati. Mafuta yaliondoka, sikatai. Yaliondoka hata yale machache niliyokuwa nimeyafikisha kwenye ncha kwa mwezi mzima. Nikachukua chanuo nikaliingiza kisogoni. Likaingia vizuri. Kutoka ndiyo likakataa. Nikavuta, likakataa. Nikaita watu, mmoja akashika kichwa mwingine akashika chanuo, likatoka likiwa na pengo. Meno mawili hayakuonekana. Tulitafuta sakafuni, tukatafuta kwenye sinki, nikatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa. Hayapo.

Siki nayo nilikadiria kwa jicho. Jicho langu la makadirio ndilo lile la kikombe. Kesho yake nikapanda lifti kazini, watu watatu wakashuka ghorofa ya pili, na ninavyojua mimi ghorofa ya pili kuna stoo tu.

Halafu kuna mba. Hili sikulitegemea kabisa, mimi nilidhani mba ni ukavu. Kuna fangasi anaitwa Malassezia, anaishi vichwani mwa karibu watu wote, mpole tu, hana neno na mtu. Ila chakula chake ni mafuta haya haya. Akila anaacha mabaki, na kama ngozi yako haipatani na mabaki hayo, inawasha na kubanduka. Shampuu ilikuwa inampunguzia posho. Mimi nimemfungulia ghala na funguo nikampa. Nguo nyeusi nimezitundika. Siku hizi navaa shati jeupe kila siku, mkuu wangu wa kazi anasema nimekuwa nadhifu sana, na mimi namshukuru, nimesimama mbali.

Basi ndiyo nikabuni utaratibu huu mnaoniona nao usiku huu. Kama mafuta hayataki kwenda, nitayabeba mwenyewe. Nalowesha fungu moja kwa maji ya uvuguvugu. Nakanda ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha, mpaka nasikia vidole vinateleza. Kisha nashika kijifungu kidogo, chembamba kama kamba ya kiatu, nakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, nateremka polepole, kona kwa kona, mpaka mwisho. Nikifika kwenye ncha nasimama hapo kidogo, nazisugua kama mtu anayehesabu noti, ili na zenyewe zijue zimekumbukwa. Halafu narudi juu kuchukua mzigo mwingine.

Na zinakubali, ndicho kinachoniudhi. Fungu la kwanza, nilipolimaliza, likalala laini, lina mng'ao ambao sijawahi kuupata kwenye chupa yoyote. Nililishika nikaliangalia kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Lakini fungu moja ni dakika 20. Nina manane. Nilikimbia kazi ya Jumapili moja nikajipa kazi ya saa mbili na dakika 40, na mafuta hayajui wikiendi, keshokutwa utosi utakuwa umejaa tena na ncha zinalia njaa. Kuna watu wana kazi ya pili inayowalipa.

Dada wa kazini nilimweleza haya yote. Akashangaa kwa dhati kabisa. "Kumbe kwako hayateremki?" Akazishika nywele zake, akazipitishia kiganja mara moja toka juu mpaka chini. Sekunde mbili. Ndiyo kazi yake ya siku hiyo, ameimaliza mbele yangu.

Nipo fungu la sita. Mkono wa kulia umekufa ganzi, nimehamia wa kushoto, na huu wa kushoto haujawahi kufanya kazi ya maana tangu nizaliwe. Mke wangu ameamka kunywa maji, amenikuta hapa chini ya taa na vibanio vyangu viwili vilivyobaki. Nimemtegea kicheko, hakucheka. Amevuta kigoda, amekaa nyuma yangu, amenisukuma kichwa mbele kama wanavyosukumwa watoto.

"Tulia. Unazivuta kama unakamua nguo."

Amefungua kibanio cha kisogoni, lile fungu ambalo mwenyewe silifikii vizuri. Anakanda, anateremsha, hana haraka. Nimeanza kusinzia. Mara vidole vyake vikasimama, vikarudi nyuma, vikachokoachokoa. Kitu kimedondoka sakafuni, tik.

Nimekiokota nikakiangalia kwenye mwanga. Ni jino la chanuo.

"Bado moja," akasema, akaniinamisha tena.